Nitro ya Shangazi na Betri Iliyovimba

4 Februari

Mwanangu Chaji,

Marahaba, maana najua umeshanisalimia kichwani kabla hujafungua bahasha. Huku tuko salama. Dada yako amejifungua mtoto wa kike, kanene, kana sauti ya king'ora. Wamenitumia picha, nimeibandika kwenye friji karibu na ile ya marehemu baba yako ameshika kombe la plastiki. Msusi wa mlango wa pili anakusalimu. Mshonaji wa chini naye anakusalimu, anasema suruali zako mbili ulizoacha bado anazo, na kama umenenepa umwambie mapema.

Haya, tuje kwenye ugomvi wetu. Uliandika kwamba kigari chako cha betri kingeiacha nitro yangu, kigari cha injini ya mafuta, kabla haijamaliza kukohoa. Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Mwanangu, kile si kigari cha rimoti, ni kikausha nywele chenye magurudumu. Unabonyeza, kinasema ziii, kinaondoka. Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna cha kurekebisha. Hata mtu aliyelala anaweza kukiendesha.

Nitro ina roho. Unaitia mafuta, unapasha plagi, unavuta kamba, inakataa. Unavuta tena, inakataa. Unaitukana kidogo, inawaka. Halafu unainama unasikiliza, unageuza sindano ya kabureta kiasi cha unywele, mpaka mlio unyooke. Baba yako alikuwa anatia mate kidoleni na kugusa kichwa cha injini. Mate yakikauka taratibu, sawa. Yakiruka chaa, injini inaungua, ongeza mafuta. Sasa betri yako utaitemea mate wapi? Nimestaafu ufundi wa lifti, lakini masikio yangu hayajastaafu.

Ulisema mkataba wako unaisha Juni. Kitanda chako nimekitandika, na shuka lile la mistari. Ukija, tunashuka wote hadi ule uwanja wa mabasi uliofungwa, wewe na kikausha chako, mimi na nitro, tumalize ubishi mchana kweupe mbele ya watu. Mpaka hapo mimi sijambo. Magoti yananung'unika kidogo tu, na mimi nayanung'unikia vilevile.

Shangazi yako


2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imekaa njiani, lakini imefika. Hapa tunategemea dereva wa boza la maji. Yeye ndiye anayeleta maji, ndiye anayeleta barua, na ndiye mtandao wetu, kwa sababu simu huku zinashika kitu kimoja tu, vumbi. Mpe dada pongezi zangu. Mwambie huyo mtoto akiwa na sauti hivyo basi amerithi nitro, pole yao.

Mimi mzima. Kazi ni ile ile: ghalani, kwenye chumba cha betri, nachaji folklifti zinazobeba mawe yaliyokatwa machimboni. Bweni letu lina vitanda vya chuma safu mbili, na katikati kuna njia nyembamba. Huo ndio uwanja wangu wa mashindano. Unaona sasa faida ya betri? Nakiendesha kigari kati ya vitanda na jirani yangu anakoroma hajui lolote. Ningekuwa na nitro yako humu, tungekufa kwa moshi au wangenifukuza na viatu vyangu.

Na usinitie maneno. Mota ya umeme inatoa nguvu zote mara moja, haina kujiuliza. Nitro yako mpaka ivute pumzi, ikusanye hasira, mimi nimeshakata kona. Halafu unasahau kwamba plagi yako unaipasha kwa betri. Bila betri nitro yako ni kopo la mafuta.

Msimamizi wetu hajambo, yule tunayemwita Komeo. Chakula kipo. Kodi ya nyumba inaendelea kukatwa kwenye mshahara wangu na kwenda kwa mwenye nyumba, usiwe na wasiwasi. Nyumba hiyo usiiache, Shangazi. Najua unavyopenda kukaa kwenye lile dirisha la ghorofa ya tisa ukiutazama uwanja wa mabasi.

Je, nitro umeiwasha lini mara ya mwisho? Hukusema.

Chaji


11 Aprili

Mwanangu,

Huku salama. Dada yako anasema mtoto halali, anasema na yeye halali, na mume wake analala kama gogo. Msusi ameanza kupaka nywele rangi ya shaba, kichwa chake nakiona kinakuja ukumbini kabla yake. Yeye ndiye anayeniletea mkate na maziwa siku hizi, kwa vile anapenda kupita kwangu kupiga domo.

Nina habari mbaya na usinicheke. Injini imekwama. Nilivuta kamba, haikwenda hata kidogo, nikadhani nimeishiwa nguvu za mkono. Kumbe pistoni imeganda ndani. Unajua mafuta ya nitro yana mafuta ya mbarika, yakikaa ndani yanageuka gundi.

Sasa sikia aibu iliyonipata. Ili gundi ilainike, injini lazima ipate joto taratibu huku unaigeuzageuza. Na kitu pekee hapa chenye joto la namna hiyo, nilichokwenda kuazima kwa msusi, ni kikausha nywele. Nimekaa mezani mchana mzima nimeishika injini ya marehemu kaka yangu kama kichwa cha bibi harusi, naipuliza. Msusi alivunjika mbavu. Ameniuliza kama nataka na mafuta ya nazi.

Imelegea kidogo. Bado haijazunguka vizuri, lakini nitaishinda. Wewe niambie tu utakuja tarehe ngapi Juni, nimwambie mshonaji.

Shangazi yako


9 Mei

Shikamoo Shangazi,

Kwanza nilicheka, nikamsomea jirani yangu wa kitanda cha juu, naye akacheka mpaka kitanda kikalia. Kikausha nywele kimeiokoa nitro! Hiyo barua nitaiwekea fremu.

Halafu usomaji wa pili sikucheka.

Shangazi, mimi umenilea wewe. Tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu nilikuwa nakuona baada ya kila mchezo: unamwaga mafuta yote, unatia matone ya mafuta ya kulainisha kwenye injini, unaizungusha, unaifuta, ndipo unavua viatu. Hata siku ya msiba wa baba ulisafisha injini kwanza kisha ukalia. Wewe huwezi kuiweka injini chafu mpaka ikagande. Siku hiyo ya mwisho ulipoiendesha, kuna kitu kilikupata.

Na tangu Februari hujaandika hata mara moja kwamba umetoka. Mkate unaletewa. Maziwa unaletewa. Mshonaji yuko chini, unamtaja kama mtu wa mji mwingine.

Lifti imekufa, si ndiyo? Nijibu moja kwa moja. Usinipige chenga.

Mimi huku sijambo. Kigari kina shida ndogo, betri yake imevimba kama mkate, hata kifuniko hakifungi. Sijui imekula nini. Nitatafuta nyingine.

Chaji


30 Mei

Mwanangu,

Mtoto wa dada yako ameota jino. Msusi hajambo. Mshonaji hajambo.

Ndiyo. Lifti imekufa. Ilikufa mwezi wa Desemba, siku ile ile niliyotoka uwanjani na nitro begani. Nilibonyeza kitufe, kikanijibu kwa mkwaruzo, nikaujua ule mkwaruzo kabla sijaondoa kidole. Mwenye jengo anasema kifaa kimeagizwa. Mimi nimefanya kazi ya lifti ujana wangu wote, nimekuwa nikiwaambia watu kwa mdomo huu huu kwamba kifaa kimeagizwa, basi najua maana yake. Nikapanda kwa miguu. Nilipofika ghorofa ya tisa magoti yalikuwa yamevimba, nikaanguka kitandani na viatu, na injini ikabaki chafu kwenye begi. Sijashuka tangu siku hiyo. Natazama uwanja kutoka dirishani, na nimeuchoka, Chaji. Nimeichoka hata rangi ya paa la stendi. Kuna siku nazunguka meza hii kama mbuzi wa kufungwa.

Haya, nimenyoosha maneno. Sasa zamu yako.

Betri ya namna hiyo haivimbi kwa sababu imekula kitu. Mwenyewe ulinifundisha, ukijidai. Betri ikijazwa ikatumika, haina neno. Ikijazwa pomoni ikawekwa, siku baada ya siku, ikingoja safari isiyotokea, ndiyo inavimba. Kwa hiyo wewe kila siku ya mapumziko unachaji kigari ukitarajia kutoka nacho nje ya geti, na hutoki. Wewe mtu unayechaji folklifti za watu kutwa usahau kupunguza chaji ya betri yako mwenyewe? Sidanganyiki. Nani anakuzuia kutoka?

Na hiyo betri usiichaji tena, itakuunguzia bweni. Ipeleke mbali na vitanda, ifukie kwenye mchanga.

Mshonaji ana chumba cha uani hapo chini, kitupu, ameniambia nihamie bure, nimsaidie kurekebisha cherehani. Nimekataa. Chumba ni kidogo, hakiingii vitanda viwili. Wewe umekulia kwenye nyumba hii, ukirudi ukute kitanda chako. Nitangoja. Juni ndiyo hiyo imefika.

Shangazi yako


3 Juni

Shikamoo Shangazi,

Hujanijibu kuhusu lifti na dereva wa boza anaondoka sasa hivi, anapiga honi, kwa hiyo sijui kama barua yako iko njiani au umenuna. Naandika haraka.

Juni siji. Yule aliyetakiwa kunipokea kazi hakufika. Komeo aliniita ofisini akaniambia nikiondoka sasa, kodi ya nyumba itakatika mwezi huu huu. Akaweka karatasi mezani. Nimesaini tena, mwaka mwingine.

Usihuzunike. Nimefanya hivyo ili nyumba ibaki. Baba aliishi humo, wewe unaipenda, na dirisha lako linautazama uwanja. Nisingeweza kurudi na kukuambia toka. Mwaka si mwingi. Ubishi wetu utangoja.

Samahani kwa mwandiko.

Chaji


2 Julai

Chaji,

Barua zimepishana njiani, na nikisema nimekasirika nitakuwa nimepunguza.

Dada yako salama. Mtoto salama. Inatosha.

Nilipomaliza kuisoma barua yako niliisoma tena kwa sauti, msusi akisikiliza. Kwa hiyo wewe umejifungia huko ili mimi nibaki juu. Na mimi nimejifungia juu ili wewe uwe na kitanda cha kurudia. Kila mmoja ameukalia ufunguo wa mwenzake, anamwonea huruma. Mwanangu, nililia. Halafu nikavaa viatu.

Nimeshuka. Ulisema mota ya umeme ikibonyezwa inang'oka hapo hapo, haina kujiuliza. Nikasema sawa, leo na mimi ni mota. Nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto, injini kwenye mfuko wa aproni, msusi mbele yangu na mito miwili na kikausha chake akidai kitahitajika. Kila ghorofa watu walifungua milango. Wengine walileta chai, wengine walileta ushauri. Kila nilipofika mbele ya mlango wa lifti niliusonya. Ghorofa ya tano nikaona bawaba niliyoifunga mwenyewe zamani, bado imekaza, nikaisamehe hiyo moja. Tulianza asubuhi tukafika chini jua linaelekea kuzama, na nilipokanyaga sakafu ya mwisho magoti yalinikataa kabisa, wakanibeba hadi kwa mshonaji kama gunia.

Nyumba nimeirudisha. Mwenye nyumba amepokea funguo. Hakuna ghorofa ya tisa tena, hakuna cha kukatwa kwenye mshahara, hakuna dirisha. Niko uani kwa mshonaji. Kitanda chako nimempa msusi. Hapa kuna godoro lako limesimamishwa ukutani.

Injini imefunguka. Nimeiwasha uani, mshonaji ametoka mbio na mkasi mkononi akidhani jengo linaanguka. Nimelia tena. Siku hizi nalia ovyo.

Jana dereva wako wa boza, aliyekuja likizo kwao, kumbe ni mtaa wa nyuma yetu, alipita kunisalimu. Nikamuuliza kwa nini hamtoki getini. Akaangalia viatu vyake. Nikamtengenezea chai, nikamwambia sitaki heshima, nataka jibu. Akaniambia. Kwamba Komeo alichukua vitambulisho vyenu vyote siku ya kwanza, ati visipotee, na viko kwenye kabati ofisini. Kwamba bila kitambulisho mlinzi hafungui geti. Kwamba kila anayekiomba huingia ofisini peke yake, anaongea kwa sauti ya chini, na hutoka na karatasi nyingine ameisaini. Hujawahi kuniandikia hata neno moja la hayo. Eti Msimamizi hajambo!

Nakutumia nitro kwa mkono wa dereva, na chupa ya mafuta, na kile kibetri cha kupashia plagi, ili usiseme nimekisahau. Kigari chako ni kizuri, nakubali. Kina kasi, ni kisafi, hakisumbui mtu. Lakini huo ndio ubaya wake, mwanangu. Kinaweza kuzunguka kati ya vitanda vya watu waliofungiwa na asiamke hata mmoja. Nitro haiwezekani kuiwasha chumbani. Inataka uani, mchana, na kila mtu atajua.

Sikuambii ufanye nini. Usisahau matone ya mafuta ukimaliza.

Shangazi yako, wa ghorofa ya chini


24 Julai

Shikamoo Shangazi,

Leo sina salamu ndefu, mkono bado unanuka mafuta.

Gari limefika, dereva alilificha nyuma ya kiti chake. Barua yako niliisomea chumba cha betri. Uliposhuka kwa makalio nilicheka, uliporudisha funguo nilikaa chini kwenye sakafu. Ule mkataba niliusaini kwa ajili ya nyumba ambayo haipo tena. Nilikaa na wazo hilo mpaka folklifti zote zikajaa chaji na madereva wakaanza kuniita.

Leo saa ya chakula, watu wote wako uani na sahani zao, nimeliweka gari katikati. Walicheka, eti mtu mzima na kigari. Nikapasha plagi, nikavuta kamba. Ikakataa. Nikavuta, ikakataa. Watu wakaanza kunipa pole. Nikaitukana kama ulivyonifundisha, na tusi moja la kwangu. Ikawaka.

Shangazi, nilikuwa nimesahau kelele zake. Hapa tunaishi kimya. Folklifti zetu ni za umeme, hata Komeo anatembea na viatu vya mpira. Kumbe sisi wenyewe tumezoea kuongea chini chini, mpaka tukisimuliana vichekesho. Mlio ule uligonga ukuta wa ghala ukarudi. Watu wakaweka sahani chini. Moshi ukapanda, ile harufu ikaja, nikamwona baba na kidole chake cha mate. Nikalizungusha uani mara kadhaa, kona zangu mbaya, ungenicheka.

Komeo akatoka ofisini, mikono masikioni. Akasema kitu, sikusikia. Nami nikamwambia, "Naomba kitambulisho changu." Naye hakusikia. Siku zote nilipokuwa nikikiomba tulikuwa mimi na yeye tu, mlango umefungwa, nanong'ona kama mwizi. Sasa injini inanguruma, ikabidi nipige kelele. Nikapiga kelele, "Kitambulisho changu! Nataka kitambulisho changu, nataka kwenda nyumbani!"

Unajua nitro ikiishiwa mafuta haiagi. Ilikata hapo hapo, mimi bado mdomo wazi. Ile "nyumbani" ikabaki peke yake uani, kubwa, kila mtu ameisikia, na mlinzi wa geti ameisikia.

Hakuna aliyecheka. Jirani yangu wa kitanda cha juu akasimama na kijiko mkononi, akasema, "Na changu." Halafu mpishi. Halafu watu ambao sijawahi kusikia sauti zao.

Komeo amesema ufunguo wa kabati hauonekani, ngoja autafute, tumwone kesho. Sijui kesho atasema nini. Inawezekana akasema kesho tena. Karatasi yangu bado anayo, na geti bado limefungwa, na naogopa, Shangazi, sitakudanganya tena kuhusu hilo.

Betri nimeifukia kwenye mchanga. Injini nimeifuta, nimetia matone, nimeizungusha, ndipo nikavua viatu. Ubishi umeshinda wewe, na nimewaambia watu wote hapa. Godoro lishushe ukutani.

Chupa ina mafuta ya kutosha. Kesho saa ya chakula naiwasha tena.

Chaji